Deni Lisilo na Nambari

Mwezi uliopita, nikiwa kwenye matatu, nilifungua simu nikaona makala yangu kuhusu fisi yamenukuliwa mara ya 40. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Halafu nikamkumbuka mzee aliyenifundisha kusoma nyayo, furaha ikapungua.

Sisi wa ekolojia ya wanyamapori tunapimwa kwa nambari. Inayojulikana zaidi ni fahirisi ya h, aliyoipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka wa 2005. Ukiwa na makala 10, na kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yako ni 10. Moja ikinukuliwa mara 1,000 na zingine hakuna aliyezigusa, h yako ni 1, basi. Kazi, ruzuku na vyeo vinaweza kuegemea hapo.

Sina ugomvi na kuhesabu. Bila nambari, nafasi zingeenda kwa watoto wa wakubwa, na hiyo hadithi Wakenya tunaijua. Tena kunukuu ni adabu: unakiri kwamba kuna mtu aliyekutangulia njiani. Lakini kama kunukuu ni kulipa deni, ni nani aliamua madeni mengine hayahesabiki?

Chukua Amboseli, ambako Cynthia Moss alianza utafiti wa ndovu mwaka wa 1972. Mwaka wa 2001, jarida la Science lilichapisha makala yaliyoonyesha kwamba familia za ndovu zinazoongozwa na majike wazee hutambua vizuri zaidi sauti za ndovu wageni. Kumbukumbu ya nyanya mmoja hulinda kundi zima. Mwaka wa 2014, utafiti mwingine ulionyesha kwamba ndovu wa huko huogopa zaidi sauti za wanaume Wamaasai kuliko za Wakamba. Kati ya waandishi wa ule wa kwanza yumo Soila Sayialel, na wa pili, Katito Sayialel, Wakenya waliofanya kazi na ndovu hao miaka mingi. Kwa hivyo inawezekana.

Mimi sikufanya hivyo. Wiki yangu ya kwanza porini nilikuwa nikiandika nyayo za mbwa kama za fisi. Mzee alichuchumaa, akanionyesha: mguu wa mbele wa fisi ni mkubwa kuliko wa nyuma. Kila asubuhi alitangulia, nami nikafuata na daftari. Wakati wa kuandika ulipofika, nilimweka mwishoni, kwenye shukrani, ndani ya maneno "wasaidizi wa nyanjani." Hata jina sikutaja. Hakuna aliyenilazimisha.

Utetezi wangu ulikuwa huu: mwandishi lazima aweze kuyajibia yaliyoandikwa, na mzee hasomi Kiingereza. Kanuni yenyewe si mbaya. Lakini nani alinizuia kuketi naye chini ya mti nikamweleza makala yote kwa Kiswahili? Kutojua Kiingereza si kutojua fisi. Nilimfungia mlango mwenyewe, kisha nikasema hakuingia.

Kuna watakaosema, ati h itamsaidia na nini mzee wa kijijini? Itamsaidia hivi: mtafiti mwingine akija, atamlipa kama kibarua wa kubeba mizigo, maana hakuna mahali palipoandikwa kwamba yeye ni mtaalamu. Mimi nikiomba kazi, zile nukuu 40 zinanitangulia mlangoni. Yeye huanza sifuri kila mara. Jina ni heshima, sawa, lakini pia ni unga.

Jana nilimpigia simu. Nilijiandaa kuomba msamaha, lakini kabla sijafika huko akauliza, "Na ile karatasi yako, ilisema nini?" Miaka minne, na sikuwa nimewahi kumwambia. Nikaanza kumweleza. Hatukuwa tumefika mbali aliponikatiza: ule mto niliouandika kuwa mpaka wa kundi, fisi huuvuka kiangazi.

Kumbe wote walioninukuu mara 40 hawakuliona kosa hilo. Nitaliandikia jarida kuomba masahihisho, na nimemwomba ruhusa jina lake liwe pale, waziwazi. Amesema nimsomee kwanza.