Ufukwe Hauna Mlango

Kwa mila zetu, mtu aliyefika mlangoni hajawa mgeni bado. Huwa mgeni pale anapopiga hodi na kuitikiwa karibu. Hodi hupigwa mara tatu. Asipoitikiwa, hurudi alikotoka bila ya kinyongo, kwani mlango wa mtu ni heshima yake. Tumelitanguliza jambo hili kwa kuwa tunataka kuuliza suali ambalo visiwa vyetu haviwezi tena kulikwepa: Je, msafiri ajaye Unguja kupumzika abakie ufukweni, au aingie ndani ya kisiwa?

Wako wasemao abakie. Ufukwe, wasema, hauna mlango; mchanga na bahari havioni haya wala havivunjiwi heshima. Na alipe, aogelee, aende zake, nasi tubaki na mambo yetu. Rai hii ina uzito wake. Tumewaona akina mama wa Paje na Jambiani, maji yakishatoka, wameinama wakifunga mwani katika kamba, kazi waliyoishika tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Na tumemwona msafiri amewasimamia na kamera yake, hakusalimu wala hakuomba ruhusa. Picha ile itafika mbali, lakini jina la mwenye mikono ile halitafika popote.

Hata hivyo, hatuafiki kumfungia mgeni nje. Akijuaye kisiwa kwa mchanga wake tu hurudi kwao akidhani alikwenda mahali pasipo watu. Yampasa afike Kizimkazi, auone msikiti ambao maandishi ya kibla chake ni ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, apate kutambua kwamba mwambao huu ulikuwa na watu wenye dini na maandishi karne nyingi kabla ya kuja merikebu za Vasco da Gama. Afike Mkunazini, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Na anaponusishwa karafuu mashambani, aelezwe pia kwamba mikarafuu ya karne ya 19 ilipandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa, na kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 wakulima waligawiwa ardhi eka tatu tatu. Harufu ya karafuu ni nzuri. Lakini aliyenusa bila ya kuelezwa habari hizo hakupata zaidi ya manukato ya dukani.

Tutoe mfano mmoja zaidi. Kila mwaka, katika mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa migomba, na kibanda huchomwa moto. Asiyeuliza huona ghasia, na akifika kwao husimulia kuwa ameona ushenzi. Aulizaye huambiwa kwamba kinachopigwa pale ni chuki za mwaka mzima, ili mwaka mpya uwakute watu na nyoyo safi. Wote wawili walisimama katika uwanja mmoja, siku moja. Aliyeona ni yule aliyepiga hodi.

Basi jawabu letu ni hili: mgeni na aingie, ila apitie mlangoni. Salamu, mavazi ya stara mitaani, ruhusa kabla ya picha, na uvumilivu wa kuambiwa hapana, hizo ndizo hodi zake.

Nasi wenyeji tunalo fungu letu. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mgeni wa leo ni kazi ya kufahamu, nasi ndio wa kumkabidhi mpini. Tusimpumbaze kwa ngoma iliyokatwakatwa ili ilingane na saa ya chakula chake cha jioni. Tusimzoeze mtoto wetu kumkimbilia mgeni kwa kuomba kabla hajajua kumwamkia. Fedha ya mgeni tunaihitaji, na si aibu kukiri hivyo. Bali yako mambo ambayo mwenye nyumba hayatii sokoni, hata siku ya njaa. Siku tutakapoutia bei kila mlango, hapatakuwa na wa kuitikia hodi, na kisiwa chote kitakuwa kimegeuka ufukwe.