Mzazi na Yai Moja

Soma Kumbukumbu la Torati 22:6, 7.

Familia moja ya Busi, wageni kabisa wa bahari, ilipelekwa na ndugu yao mvuvi kwa mashua ya tanga hadi Fungu Mbaraka, kisiwa kidogo cha matumbawe kusini-mashariki mwa Unguja. Hakuna mti huko. Ndege wa baharini hutaga chini, wengine yai moja tu, na mzazi hulikinga kwa kivuli chake lisiharibiwe na jua. Binti yao, hodari wa kutafuta viota vya kanga, aliokota moja akawaonyeshe wenzake nyumbani.

“Mama yake tumemwacha huru,” baba alisema. “Torati inaruhusu.”

“Sasa baba, mbona amerudi kukaa pale pale?”

Je, baba alikuwa ameitii amri hiyo? Jadilini darasani.