Kidole cha Shahada

Yapata miezi mitatu sasa tangu usiku ule nilipokuwa nikiosha bilauri, mkono wa kulia nimeutia ndani pamoja na kitambaa, bilauri ikapasuka mkononi na kigae chake kikapita chini ya kidole changu cha shahada, mahali pale ambapo kidole huungana na kiganja. Damu haikuwa nyingi kama nilivyoogopa. Nilipokwisha kuufunga mkono niliviamuru vidole vifumbe, navyo vikafumba vyote isipokuwa kimoja, ambacho kiliinama kidogo shinani lakini pingili zake zikabaki zimenyoka, kama kidole cha mtu aliye katika tahiyatu. Nikakiamuru mara ya pili na ya tatu, kwa hasira na kwa upole, kisitii. Usiku kucha, mpaka nilipofikishwa kwa tabibu, kidole kile kilikaa kinashuhudia umoja wa Mola wala hakuna aliyekiuliza, na mimi mwenye kidole nimelala chali nikihesabu boriti za dari.

Hapo ndipo liliponiingia swali ambalo halijanitoka: kidole kisichoweza kukunjika kikinyoka, je, kunyoka kwake ni shahada?

Lakini kwanza mtu na aujue mkono wenyewe. Watu wetu huita kila kamba iliyo chini ya ngozi mshipa: kipitishacho damu ni mshipa, kichukuacho hisi ni mshipa, kivutacho kidole ni mshipa, hata ngiri huitwa mshipa kwa kuona haya. Tusijicheke, kwa maana Wayunani wa kale nao walikuwa na neno moja lililobeba kano na neva pamoja, na kwa mchanganyiko huo, ukijumlisha na onyo la tabibu Galen kwamba neva ikidungwa mwili huingiwa na mtukutiko, waganga wa karne nyingi waliogopa kuzishona kano zilizokatika. Vidole vingapi vililemaa kwa uhaba wa maneno, Mungu ndiye ajuaye.

Kidole hakina msuli wa kujikunja. Misuli yenye kazi hiyo, ukiacha ile midogo ya kiganjani, imekaa mbali katika kigasha, karibu na kiwiko, na nguvu zake hushuka kwa kano tisa zinazosongamana na neva moja katika mlango mwembamba wa kifundo cha mkono. Kila kidole, mbali na gumba, hupewa kano mbili, nazo hupita ndani ya ala yenye ute, iliyofungwa mfupani kwa pete ngumu, mfano wa kamba ya jahazi ipitavyo katika gofia. Na pete hizo zikiharibika, kano huinuka kutoka mfupani kama upote wa upinde. Kano ya juu inapokaribia pingili ya kati hugawanyika tanzu mbili, ikaacha mwanya, na ile ya chini hupenya mwanyani ikaenda zake hata pingili ya mwisho. Njia panda hiyo huitwa kwa jina la Petrus Camper, Mholanzi wa karne ya 18. Nilipochorewa umbo lake katika karatasi niliomba nipewe karatasi ile, nami ninayo hata leo.

Mimi zilikatika zote mbili, na zilikatika mahali pabaya. Sterling Bunnell, tabibu wa Marekani ambaye kitabu chake cha upasuaji wa mkono kilitoka mwaka 1944, alipaita mahali hapo kwa jina la kivita, yaani ile ardhi iliyo baina ya mahandaki mawili isiyo ya jeshi lolote, akawausia wenzake wasizishone kano hapo, bali waifunge ngozi, wangoje, na baadaye wapandikize kano iliyotolewa kwingine. Sababu yake ilikuwa nzito: kano iliyoshonwa ikitulizwa hugandana na ala yake, na ikivutwa hukatika tena. Njia ilipatikana pole pole. Mwaka 1967 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville walieleza namna ya kuzishona kano papo hapo na kukirejesha kidole kwa mpira, na mwaka 1975 Duran na Houser wakaonyesha kwamba kano ikisogea milimita 3 hata 5 tu ndani ya ala yake, yatosha isigande.

Nilitoka kwa mpasuaji nimefungwa banzi la plastiki lililoinamisha kifundo na vidole mbele, hata kidole kilichokuwa hakikunjiki sasa kikawa hakinyoki. Binti aliyenisimamia mazoezi alikishika kwa vidole vyake viwili, akakikunja pingili moja moja mpaka ncha ikagusa kiganja, kisha akakirudisha mpaka kikagota banzi.

"Usivute, mzee wangu," akasema. "Wewe kiache kipelekwe."

"Kipelekwe na nani, mwanangu?"

"Hapa na mimi. Nyumbani na nduguye wa kushoto. Mara kumi, kila saa uliyo macho."

Iko hadithi katika Sahihi ya Muslim itajayo viungo 360 vya mwanadamu na sadaka ivipasayo. Nimeisikia tangu utoto, wala sikudhani kwamba kiungo kimoja kingekuja kunidai kila saa kama mwenye duka.

Wale waliosoma ilimu ya tauhidi kwa mashekhe watakumbuka hoja ambayo wafuasi wa Imamu Ash'ari waliwajibu nayo Jabria, wasemao kwamba mja hana hiari hata chembe: mkono wa mwenye homa hutetemeka, na mkono wa mwenye kiu hunyooka kuchukua kikombe, na kila mwenye akili huijua tofauti yake pasipo kufundishwa. Hoja ni nzuri, ila mimi nilikuwa na mwendo wa tatu usiotajwa pale. Kidole changu hakikutetemeka, wala hakikwenda kwa amri yangu. Kilipelekwa, na aliyekipeleka ni mimi huyo huyo, kwa mkono mwingine. Imamu Ghazali naye, katika Ihya, anasimulia karatasi iliyoulizwa kwa nini imetiwa weusi, ikautupia wino lawama, wino ukaitupia kalamu, kalamu ikautupia mkono, na mkono ukasema kwamba wenyewe ni nyama na mifupa tu, utumikao kwa kudura isiyokuwa yake. Nilipoisoma zamani nilidhani ni fumbo la kupendeza. Sasa nimeliona kwa macho: hata kidole kizima ni karagosi, na nyuzi zake zashikwa kiwikoni.

Basi hiari yakaa wapi? Katika wiki zile niligundua kwamba kuacha kidole kipelekwe ni kazi kubwa kuliko kukipeleka. Kila kiliposukumwa, msuli wa kigasha ulitaka kusaidia, na msaada wake ndio ungekata uzi. Ikanibidi niwe macho juu ya nafsi yangu, niizuie amri ambayo kwa miaka hamsini imetoka bila kuniomba ruhusa. Katika benchi la kungojea alikuwapo mvuvi mmoja, mtu wa ibada, aliyekaa wiki sita hakukigusa kidole chake kwa kuwa amemwachia Mungu, kikaganda. Na kando yake kijana mwashi aliyeinua ndoo wiki ya tatu, kano ikakatika. Kila mmoja alimhurumia mwenziwe kwa ujinga wake.

Na ile shahada? Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wanasema kwamba aliyekatika kidole cha shahada cha kulia haashirii kwa kingine, suna humwondokea. Mimi changu kilikuwapo, kimefungwa. Nilipofika katika tahiyatu mahali pa kukiinua, nilikinuia, kikatikisika ndani ya banzi kisiende. Naona, na wajuzi wanisahihishe, kwamba usiku ule wa bilauri kidole kilinyoka bila shahada, na wiki zile za banzi palikuwa na shahada bila kunyoka. Mwenye kushika maneno ya Ghazali ataniambia kwamba nia nayo imeandikwa na Mwandishi yule yule. Hapo nanyamaza.

Wiki ya tano niliruhusiwa kukivuta mwenyewe, kwanza umbo la ndoana, kisha la ngumi. Marehemu mama aliniachia tasbihi iliyokatika uzi, nami huzitumia punje zake kupimia upungufu wa kidole. Mwezi uliopita zilipita mbili pamoja baina ya ncha yake na kiganja. Jana ilipita moja. Leo, baada ya sala ya alfajiri, nimeitia, nikafumba, nikaugeuza mkono chini, na punje haikuanguka.