Waliokusudia Nyasa Wakafika Magila

Vijana wa Pongwe mnaojiandaa kwenda kuhudumu ng'ambo ya Horohoro, makala hii ni yenu. Ratiba imeshachapwa. Sare zimeshonwa, nauli imechangwa Jumapili baada ya Jumapili, na kila mmoja wenu anajua siku ipi mtaimba Lunga Lunga, siku ipi mtavuka kwa kivuko cha Likoni na usiku upi mtalala Rabai. Ipendeni ratiba hiyo, maana imewatoa jasho. Kisha lipokeeni hili mapema, mkiwa bado nyumbani: haitafika Rabai ikiwa nzima.

Sisemi haya kuwatisha. Mpakani kuna mtu atagundua kwamba kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano imebaki kabatini. Kosta itachemsha kabla ya Ukunda. Mchungaji mwenyeji atapigiwa simu ya msiba, na uwanja mliopangiwa kuhubiri utajaa waombolezaji. Masika yakizidi, njia ya kwenda kijijini haipitiki. Mei 2020 Kenya iliufunga mpaka wake na Tanzania, malori ya mizigo peke yake yakaruhusiwa, na safari za watu zikafia njiani. Mipango si matumizi.

Wahubiri watawatajia Mtume Paulo, aliyezuiwa asiingie Bithinia akaishia Makedonia, nao watasema kweli. Mimi nawaomba mtazame jirani zaidi. Simameni hapo kwenye barabara ya Segera, pandeni gari, shukeni Muheza, mwende mpaka misheni ya Magila Msalabani. Misheni ile ipo pale kwa sababu kundi moja la wageni lilishindwa kufika lilikokusudia.

Kisa chao kinaanzia Cambridge, Desemba 1857, David Livingstone alipowahimiza wasomi wa Kiingereza waje Afrika. Wakaunda misheni ya vyuo vikuu, wakampata kiongozi, Askofu Charles Mackenzie, na mwaka 1861 wakaja. Nia yao ilikuwa kufika nchi za Ziwa Nyasa. Walianza kwa kujaribu mto Ruvuma, maji yakawa haba, wakageuza meli. Wakazunguka kwa Zambezi na Shire, wakapiga kambi Magomero, katika Malawi ya leo. Huko wakakuta vita, njaa na homa. Januari 1862 Mackenzie akafa kwa homa mtoni, dawa zao zikiwa zimezama mtumbwi ulipopinduka. Kufikia mwaka uliofuata wenzake watatu walikuwa wamekwisha kumfuata kaburini.

Askofu aliyetumwa kushika nafasi yake, William Tozer, alifika, akatazama, akaamua jambo gumu kuliko yote ambayo kiongozi wa msafara anaweza kuamua: tuondoke hapa. Agosti 1864 wakawa Unguja. Livingstone alikasirika. Kwake yeye huko kulikuwa kukimbia, na Uingereza pia walikuwapo walioona hivyo hivyo. Nanyi, mkibadili njia, jiandaeni kwa lawama ya namna hiyo. Itatoka kwa watu mnaowaheshimu, tena itauma.

Lakini tazameni kilichofuata. Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliookolewa kwenye jahazi la watumwa. Shule ikaanza na watoto hao. Mmoja wao, John Swedi, akaja kupewa ushemasi mwaka 1879. Rafiki wa Tozer, Edward Steere, aliyekuwa amemsindikiza akikusudia kukaa muda mfupi tu, akajifunza Kiswahili, mwaka 1870 akatoa kitabu cha kukifundisha, akafasiri Agano Jipya, na baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873 akasimamia ujenzi wa kanisa kuu pale pale Mkunazini. Alifia Unguja mwaka 1882. Na kutoka Unguja hiyo, ambayo haikuwa kwenye mpango wa kwanza, wakavuka bara mpaka Usambara na Bonde, wakaweka makao Magila. Ndiyo maana nasema kisa hiki ni cha kwenu.

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana si kila mabadiliko ni ya kushangilia. Huko Magomero, kabla ya kufa, Mackenzie na wenzake waliona misafara ya watumwa, wakaingiwa na uchungu ambao mtu yeyote mwenye moyo angeingiwa nao. Wakawafungua mateka. Kisha wakaingia vitani wenyewe, wakafyatua bunduki, wakachoma vijiji. Watu waliokuja kuhubiri amani wakageuka kuwa upande mmoja katika vita ambayo hawakuijua mizizi yake. Mimi nawahukumu kwa hilo, huku nikiwaonea huruma. Tozer alibadili mahali na njia, akakilinda kile kilichomleta. Wao walibaki mahali pale pale, wakakiacha kilichowaleta. Kabla hamjavuka Horohoro, kaeni chini mkubaliane ni yapi hayaguswi hata mambo yakiharibika vipi: kuwaheshimu wenyeji, uwazi wa fedha, usalama wa mabinti na wadogo, kutogeuza shida ya mtu kuwa picha ya kujionyesha. Yaliyobaki yote, saa, uwanja, nyimbo, malazi, yaacheni yapinde.

Na nani aseme njia imebadilika? Hapa kiongozi wenu asome habari za Masasi. Mwaka 1876 Steere, sasa akiwa askofu, aliongoza msafara wa zaidi ya watu hamsini waliokombolewa utumwani, kutoka Unguja kwenda kuwapa makao bara, kuelekea nchi za Nyasa. Walipofika Masasi, wale watu wakasema tunakaa hapa. Askofu alikuwa na mpango, barua na wafadhili. Akawasikiliza. Masasi ikawa makao yao, na baadaye ikawa dayosisi. Fikirini kama angewaburuza mbele kwa sababu ramani ilisema mbele! Katika kundi lenu yuko mtu asiyesema sana vikaoni, lakini ndiye mwenye shangazi Kwale, ndiye anayejua Kidigo, ndiye aliyeona mama mwenyeji ameishiwa unga. Muulizeni kwanza. Kisha kiongozi mmoja atamke neno moja, na nyote mlifuate. Ubishi wa kando ya barabara huvunja kundi upesi kuliko kosta mbovu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa mkutano umekufa kwa sababu ya msiba, nendeni msibani. Tekeni maji, pasueni kuni, pangeni viti, na mkiombwa kuimba, imbeni taratibu zile nyimbo za kufariji. Huko si kupoteza siku. Huenda ndiyo siku pekee ya safari yenu ambayo kijiji kile kitaikumbuka. Ikiwa barabara imekatika na mmebaki Lunga Lunga siku mbili, basi Lunga Lunga ina wagonjwa wa kutembelewa na watoto wa kufundishwa wimbo. Mweka hazina atenge fungu la dharura lisiloguswa kwa soda, na kila mtu abebe nakala ya hati zake mbali na pasipoti.

Leo usiku wapigieni simu wenyeji wenu. Msiwasomee ratiba. Waulizeni: siku zikipungua nusu, mngependa tuwafanyie lipi? Jibu lao liandikeni juu kabisa ya karatasi, mpunguze mliyoyajaza chini yake, kisha ndipo mwite dereva mpatane saa ya kuondoka.