Jua ni la Bure, Maji ni ya Wote

Mtu apitaye Shinyanga mwezi wa Septemba huona nchi iliyokauka. Mito mingi imebaki mchanga mtupu, nao akina mama huchimba vishimo mchangani wakingoja maji yajikusanye kata kwa kata. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu Novemba hadi Aprili au Mei. Miezi iliyobaki ni ya jua. Siku hizi jua hilo, lililohesabiwa kuwa adui wa mkulima, limeanza kumtumikia. Paneli za sola huendesha pampu, na bustani ya mboga hukaa mbichi wakati wa kiangazi.

Twalifurahia jambo hili. Mwenye pampu ya dizeli hula hasara mafuta yapandapo bei, lakini mwenye paneli, akishazilipia, hanunui mafuta tena. Wala hana lazima ya kuwa na betri: mchana maji hupandishwa katika tangi lililo juu, na jioni huteremka yenyewe shambani. Pengine hata kijana aliyekusudia kwenda kushuka mashimoni Geita ataona sababu ya kubaki kwao.

Hata hivyo, kila chombo kipya huja na swali lake. Dizeli ilikuwa mzigo, lakini ilikuwa pia hatamu, kwa kuwa aliyeinunua alizima pampu yake mapema. Jua halina bei, na pampu yaweza kuvuta tangu asubuhi hadi machweo bila gharama ya ziada. Basi ni nini kitakachomwambia mtu kwamba sasa yatosha?

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sehemu kubwa ya Shinyanga imekaa juu ya mwamba wa matale, na maji yake yamo katika nyufa za mwamba huo na katika tabaka la mchanga na udongo lililo juu yake. Avutaye kwa nguvu hapa aweza kumkaushia jirani kule, wala asimwone huyo anayemdhuru. Huko Yemen, vita ilipoyafanya mafuta kuwa adimu tangu mwaka 2015, wakulima wengi waligeukia pampu za jua, katika nchi ambayo maji yake ya ardhini yalikuwa yakipungua kwa miongo mingi. Wachunguzi wameonya kwamba pampu hizo zaweza kuharakisha upungufu huo. Kosa si la jua. Kosa ni la kuvuta bila kipimo.

Mwingine atajibu: "Paneli ni zangu, na kisima nimekichimba kwa jasho langu." Jasho lake twaliheshimu. Lakini jasho hilo limechimba shimo, halikuumba maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yatambua kwamba maji ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na avutaye kwa wingi kwa ajili ya shamba hupaswa kuomba kibali katika bodi ya bonde lake. Tena, hata pasipo sheria, mama mwenye ndoo ana haki isiyopungua kwa sababu hana fedha za kununua pampu.

Katika mashimo ya Geita, wachimbaji huyavuta maji na kuyamwaga ili waifikie dhahabu. Tusiyalete bustanini mazoea ya machimbo, yaani kuchukua mpaka kitu kiishe, kisha kuhama. Dhahabu ikiisha, watu hutafuta shimo jingine. Maji ya kijiji yakiisha, watoto wahamie wapi?

Wasukuma hawana haja ya kufundishwa kipimo na wageni. Tangu zamani wana ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kinapobana. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, nchi ilikuwa imebaki karibu uchi. Lakini watu waliirudia desturi hiyo, na katika muda usiozidi miaka 20 zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa majani na miti. Zilipona kwa kuwa watu walikubaliana kutozila zote kwa mara moja. Maji nayo yastahili ngitili yake.

Basi, kabla pampu haijafungwa, kijiji na kikae pamoja. Maji ya kunywa yatangulie, kisha ya mifugo, ndipo ya bustani. Kina cha kisima kipimwe kila mwezi kwa kamba, na kipimo kiandikwe katika daftari ambalo kila mtu aweza kulisoma. Saa za kuvuta zikubaliwe na wote, na kina kikishuka zipunguzwe, hata kwa yule mwenye paneli nyingi. Maji yapelekwe kwa matone kwenye mizizi, yasiachwe yapotee mferejini. Nao wasio na uwezo waungane katika vikundi wanunue kwa pamoja, ili neema hii isiwe ya wenye fedha peke yao.

Jua litawaka kesho kama lilivyowaka leo, tulitumie tusilitumie. Maji hayako hivyo. Yale tunayoyaacha kisimani jioni ndiyo atakayoyakuta jirani yetu asubuhi.