Sehemu ya Mpishi katika Nyama ya Paa

Swali nitakalolitazama hapa ni dogo kwa umbo, lakini kina chake si kidogo. Mtu aletewaye nyama ya mwituni jikoni kwake, naye hakufuga mbwa, hakutandaza wavu wala hakutega mtego, ana sehemu gani katika kifo cha mnyama yule? Wanaopima maadili aghalabu humwangalia mtenda wa kwanza: aliyeiba, aliyeua, aliyesema uongo. Mpishi husahauliwa, kwa kuwa huja mwisho, na mikono yake hunuka bizari badala ya damu.

Natuchukue mfano katika mtaa wa Mwanakwerekwe. Mtaa huu uko nje kidogo ya Mji Mkongwe wa Unguja. Una soko kubwa, na magari ya shamba yatokayo Kusini hupita hapo. Watu wengi wakaao humo wana jamaa zao Makunduchi, Mtende, Kizimkazi au Jambiani, wala si ajabu kumwona mgeni akishuka garini na kikapu cha muhogo au pweza mkavu kwa ajili ya ndugu wa mjini. Tuseme katika kikapu kimoja, chini ya muhogo, mna paja dogo lililofungwa kwa majani ya mgomba. Mwenye nyumba ni mwanamke kijana ambaye maisha yake yote amepika ng'ombe, mbuzi, kuku na samaki. Dada wa mumewe anamwambia kwa sauti ya chini, "Wifi, hiyo ya paa. Mpikie kaka, lakini watoto wasiende kusema nje."

Shida ya kwanza ya mwanamke huyu ni ya ufundi. Nyama ya paa si nyama ya mbuzi. Mbuzi wa mjini hula na kulala, akajiwekea mafuta. Paa hukimbia maisha yake yote, na nyama yake ni nyekundu nzito isiyo na mafuta ya kuilainisha. Anayeitia katika moto mkali kwa desturi ya mbuzi huipata imekauka na kukakamaa kama kamba. Wazee wa shamba waliijua dawa yake: kuilaza katika ndimu, kitunguu thomu na tangawizi, kuitia chunguni na tui la pili, kuichemsha polepole kwa moto wa makumbi, na tui la kwanza kulitia mwishoni kabisa ili lisikatike. Elimu hii ilipokewa mkono kwa mkono, bibi kwa mjukuu, na sasa inakwisha. Mimi ni katika wanaosikitika kila elimu ya jiko ikifa, maana jiko ni chuo chenye umri kupita vyuo vyetu vyote. Lakini masikitiko si hoja, na mengine huwa tunayalipia kwa mali isiyo yetu.

Shida ya pili imo katika yale maneno ya kunong'ona. Pwani yetu haina desturi ya kuficha nyama. Ng'ombe huchinjwa mbele ya macho ya watu. Mchinjaji hujulikana kwa jina na dini yake. Nyama hutundikwa dukani mchana kweupe, na mnunuzi akitaka kuona kichwa au ngozi huonyeshwa. Harufu ya mchuzi nayo hupita ukutani, na jirani ana haki ya kupelekewa kibakuli. Paja hili, kinyume chake, limekuja bila kichwa, bila ngozi, na chini ya muhogo. Haki ya jirani imekwisha kuvunjwa kabla chungu hakijaingia jikoni. Asemaye kwamba mpishi hana habari asituambie hivyo baada ya kumsikia wifi. Siri yenyewe ndiyo habari.

Siri hiyo inaficha nini? Katika Unguja yuko paa aitwaye paa nunga, mwekundu, mwenye utepe mweupe mapajani na madoa meupe miguuni, ambaye uzito wake hauzidi kilo 12 au karibu na hapo. Wataalamu humwita Cephalophus adersi kwa ukumbusho wa Aders, mtaalamu wa viumbe wa serikali ya Zanzibar wa zama za Waingereza. Aliandikwa katika vitabu vyao mwaka 1918. Hupita chini ya miti waliyomo kima, akiokota maua, majani na matunda wanayoyaangusha. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi mmoja. Nje ya Unguja anajulikana katika misitu michache ya pwani ya Kenya, kama Arabuko-Sokoke na Boni. Mwaka 1983 idadi yake Unguja ilikadiriwa kuwa 5,000; mwaka 1999 makadirio yalishuka hadi 640. Sheria ya misitu Nambari 10 ya mwaka 1996 iliwaingiza wanyama wa mwituni katika ulinzi wake. Wachache walihamishiwa kisiwa cha Chumbe mwishoni mwa miaka ya 1990. Na mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zikawa hifadhi ya taifa. Basi paja lile katika majani ya mgomba si fungu la kundi kubwa lisilo hesabu.

Wapo watakaonijibu upesi: nyama ya paa ni halali. Ni kweli. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, imeruhusu hata windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa, jina la Mungu likiwa limetajwa, na mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi Unguja, wamejadiliana kwa urefu juu ya kuosha mahali palipoguswa na kinywa cha mbwa. Lakini anayeishia hapo amesoma nusu ya mlango. Sura ile ile, aya ya 95, inamkataza aliyehirimia Haji kuua windo. Mnyama ni yule yule na halali yake ni ile ile. Kilichobadilika ni hali ya mtu na wakati. Kwa hiyo kitu kinaweza kuwa halali kwa asili yake na kisitendeke kwa hali yake.

Tena ziko habari mbili, zilizopokewa na Bukhari na Muslim, ambazo kwangu mimi zinagusa shingo ya swali letu. Abu Qatada, ambaye hakuhirimia, alimwinda punda mwitu akiwa safarini na wenzake waliohirimia. Nao walikataa hata kumwokotea silaha yake. Walipokula wakaingiwa na shaka, wakamwuliza Mtume. Yeye aliwauliza kama yuko mmoja wao aliyemwamuru Abu Qatada au aliyemwashiria mnyama. Wakasema hapana, akawaruhusu kula. Katika habari ya pili Saab bin Jathama alimletea Mtume zawadi ya punda mwitu, naye akairudisha. Na alipoona uso wa mleta zawadi umeingia huzuni, akamweleza kuwa sababu ni ihramu tu. Wanavyuoni walizipatanisha habari hizi kwa kusema kuwa punda wa pili aliwindwa kwa ajili ya mgeni mwenyewe, na wa kwanza hakuwindwa kwa ajili ya wale waliomla.

Hapo ndipo penye kipimo kilicho bora kuliko usafi wa mikono: windo hili limewindwa kwa ajili ya nani? Msasi wa zamani aliwinda kwa ajili ya kijiji chake, na kijiji kilikula kikanyamaza. Msasi wa leo akiuza kwa siri humwinda paa kwa ajili ya mtu asiyemjua, lakini anajua kuwa yupo. Kila mlaji wa mjini ni yule mtu. Hakuashiria kwa kidole. Ameashiria kwa hamu yake na kwa fedha zake. Na zawadi? Zawadi iliyofika ikapokewa kwa furaha ni agizo la zawadi ijayo.

Ni haki kumsikiliza na mtu wa shamba. Ataniuliza: msitu ulioachwa na babu zangu nimefungiwa, mgeni wa ng'ambo analipa aingie kutazama, kima punju wanakula minazi yangu michanga, nawe mla nyama ya dukani wanifundisha adabu? Neno hili lina uzito, wala halijibiwi kwa hesabu ya paa. Bara zilitungwa kanuni mwaka 2020 ili nyamapori iuzwe kwa kibali katika mabucha. Lakini Bara ni pana, na Unguja ni kisiwa. Deni la mtu wa shamba lipo, na mji ndio unaodaiwa. Ila silioni likilipwa kwa paja moja linaloletwa chini ya muhogo. Huko ni mdai kujilipa kwa kukata mnazi wake mwenyewe.

Yule mwanamke wa Mwanakwerekwe, basi, amesimama na paja mkononi, na wifi yake yuko mlangoni. Kuitupa nyama ni israfu. Kuirudisha ni kumwumiza mtu aliyekuja kwa mapenzi, na pengine itapikwa nyumba ya pili. Mimi naona airudishe, aseme sababu bila ya ukali, kama alivyoambiwa Saab, tena amkaribishe chakula wale pamoja. Nyumba ya pili itaweza kuipika. Lakini mchukuzi atakuwa amejua kwamba katika nyumba hii hapana wa kuwindiwa, na safari ijayo, akifunga kikapu chake Makunduchi, atatia pweza.