Kabla Hajasaini

Mwanangu daktari, najua una haraka. Wodi imejaa, chumba cha upasuaji kinakusubiri, na fomu ya ridhaa bado haina saini. Keti kidogo.

Nilipokuwa muuguzi, bibi mmoja wa Bahi aliletwa kuwekewa goti la bandia. Fomu nilimpa mwanawe wa kiume, maana ndiye aliyejua kusoma na ndiye aliyelipa. Akasaini. Bibi alikuwa pale pale, akili zake timamu, wala sikumuuliza neno.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Aliporudi kliniki alisema maumivu yamepungua, ila kuchuchumaa hawezi tena, na choo chao ni cha shimo. Kigoda cha jikoni nacho kimemshinda. "Mngeniambia," alisema, "ningejiandaa." Hakuongeza lawama. Mimi ndiye sikulala.

Siku hizi, kwa upasuaji wa namna hiyo, watu wa kwetu hawalazimiki kwenda taasisi ya mifupa ya MOI, Dar es Salaam. Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo hapa hapa Dodoma. Basi hata ndugu wana nafasi ya kuja kukaa kikao. Waache wakae. Kwetu mzee haamui mambo makubwa bila watu wake. Lakini wakishamaliza, jibu lipokee kinywani mwake mwenyewe.

Mwamkie kwanza. Kama Chigogo hukijui, tafuta muuguzi anayekijua. Usimtumie mjukuu mdogo kutafsiri mambo ya kisu. Mweleze kwamba kidonda kinaweza kuingia wadudu, damu ikaganda mguuni, pengine akapasuliwa tena. Akiuliza goti la bandia litadumu miaka mingapi, usimdanganye. Hesabu za Australia na Finland zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha magoti 82 hivi kati ya 100 yakifika miaka 25, na nyonga 58. Sawa, ila wazee wa huko hawapigi jembe kwenye shamba la mtama.

Mwambie pia anaweza kukataa, akaendelea na dawa, mazoezi na mkongojo, na bado ukampokea vizuri. Kisha mwombe akueleze alichoelewa, kwa maneno yake. Akikosea, rudia bila kununa. Akitaka kwenda kulala na jambo hilo kwanza, mpe usiku huo.

Na kesho, mwanangu, kabla hujamshikisha kalamu au kumpaka wino wa dole gumba, vuta kiti umuulize choo cha nyumbani kwake kikoje.